Seva ya Barazani, Ujiji

Jumatatu, 13 Mei 2024

Intaneti imelala tangu jana. Mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, imekatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Sisi tuko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mbali kabisa na Bahari ya Hindi, lakini tangu asubuhi wateja wanakuja kibandani kwangu Mwanga wakidhani simu zao zimeharibika. Nawaambia simu ni nzima. Mpwa wangu wa kidato cha nne ananitazama, bando analo, somo la Fizikia halifunguki.

Jambo hili nimelibeba kichwani muda mrefu, leo naliandika. Nyumba hii inahitaji seva yake: mashine moja inayokaa ndani, yenye vitabu, mitihani ya nyuma, ensaiklopidia na picha zetu, ambayo simu yoyote iliyo barazani inaisoma kwa waifai bila kugusa bando la mtu. Mkongo ukikatika Msumbiji, mtoto wa Ujiji aendelee kusoma. Nimetenga shilingi 150,000.

Jumatano, 15 Mei

Ziwa limefungwa leo hadi 15 Agosti. Hakuna kuvua, sisi na wenzetu wa nchi nyingine zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Uamuzi huu nauunga mkono. Migebuka imepungua, na dagaa wanaoletwa mwaloni ni wadogo kuliko wale niliowaona utotoni. Ila mama watoto anaishi kwa dagaa. Ananunua kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, anaanika, anauza kwa wachuuzi wanaopeleka Tabora na Dar es Salaam. Miezi mitatu tutakula kwa kibanda changu peke yake.

Nimeshusha bajeti hadi 120,000. Jioni nilipomweleza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sawa, baba watoto. Na hiyo mashine itakula umeme kiasi gani?"

Ndilo swali lenyewe. Wengi huuliza bei ya kununua wakasahau bei ya kuwasha.

Jumapili, 19 Mei

Nimelijibu swali la umeme. Sina kipima wati, lakini mita ya luku inatosha. Ya kwetu imeandikwa kwamba taa yake nyekundu hupepesa mara 1,000 kwa kila yuniti, maana yake kila mpepeso ni wati-saa moja. Zima kila kitu ndani, acha mashine moja tu, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso, gawa 3,600 kwa sekunde hizo: jibu ni wati. Tumefanya hivyo usiku, mpwa ameshika saa, mimi nimeshika daftari.

Kompyuta ya mezani ambayo rafiki ananiuzia kwa 50,000 inapepesa kila baada ya dakika moja. Hizo ni wati 60, na hapo haifanyi kazi yoyote. Ikiwaka mchana na usiku kwa mwezi inakula yuniti 43. Laptopu ya mteja niliyokuwa naitengeneza, kioo kimezimwa, ilichukua kama dakika tano kati ya mpepeso na mpepeso. Hizo ni wati 12, yuniti zisizofika 9 kwa mwezi.

Sasa hesabu ya pesa. Nyumba yetu iko kwenye kundi la D1, la wanaotumia mpaka yuniti 75 kwa mwezi. Yuniti ni shilingi 100, na kodi na tozo zikiongezwa inafika kama 122. Ukivuka 75 unahamishiwa kundi la T1, na yuniti inakuwa kama 356. Sisi tunatumia yuniti 45 hivi. Kompyuta ya mezani ingetufikisha 88, tungehamishwa, na luku ya mwezi ingeruka kutoka kama 5,500 hadi zaidi ya 31,000. Ndani ya miezi miwili tungekuwa tumeilipia kompyuta ile mara ya pili, safari hii kwa TANESCO. Laptopu inaongeza kama shilingi 1,050 kwa mwezi.

Nimemwonyesha mama watoto ukurasa huu. Amesema laptopu.

Jumamosi, 1 Juni

Nimepata. Lenovo ThinkPad T430, mashine ya mwaka 2012, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, kibodi haina herufi mbili. Kwa muuzaji ni spea. Kwangu ni seva iliyokamilika, kwa sababu seva haina haja ya kioo. Tumepatana 70,000.

Niandike kwa nini nimechagua hii, maana vijana wanaokuja kibandani wananiuliza kuhusu Raspberry Pi. Ni kifaa kizuri, kilipotoka 2012 kiliuzwa dola 35, na kinakula umeme kidogo kuliko laptopu. Lakini hapa Kigoma hakiuzwi dukani. Utaagiza, utalipa usafiri, kisha uongeze adapta yake, kasha, kadi ya kumbukumbu na diski ya nje. Na zile kadi hazivumilii kuandikwa mchana na usiku, hasa umeme ukikatika katikati ya kazi. Laptopu iliyovunjika kioo inakuja na diski, kibodi, tundu la waya wa mtandao, na juu ya yote betri. Betri ile, hata ikiwa imechoka inashika nusu saa tu, inaokoa data umeme unapokatika ghafla. Mwenye kompyuta ya mezani hununua kifaa kizima kwa kazi hiyo.

Ramu ilikuwa gigabaiti 4. Nimepata kipande kingine cha 4 kwa fundi mwenzangu, nikamlipa kwa kumtengenezea redio.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya kazi. Nimeifungua yote, nimepuliza vumbi, nimebadilisha grisi ya prosesa, nimechomoa kioo. Nyaya za waifai za laptopu hupita kando ya kioo, kwa hiyo anayeng'oa mfuniko mzima anaua waifai. Mimi natumia waya kutoka kwenye laptopu hadi kwenye raita, hainihusu, lakini fundi yeyote ajue.

Ili nione nilichokuwa nafanya niliichomeka kwenye televisheni yetu kwa tundu la VGA. Mfumo ni Debian 12. Niliuchagua kwa sababu ni bure, unapakuliwa kwa faili dogo la kuanzia, na haulazimishi mashine kuukuu ibebe madoido. Sikuweka dirisha wala mapambo. Ni maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Ikishawaka inatumia sehemu ndogo sana ya ramu.

Mambo matatu niliyoyafanya mara moja baada ya kusakinisha, niyaandike kwa atakayefuata:

Kwanza, nimeiambia isilale mfuniko ukifungwa. Ni mstari mmoja katika faili la logind, HandleLidSwitch uwe ignore. Bila mstari huo ukifunga mfuniko seva imekufa.

Pili, kwa programu ya TLP nimeizuia betri isichajiwe kupita asilimia 80. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa pomoni wakati wote, tena kwenye joto la hapa, inavimba.

Tatu, diski. Nilinunua ya mtumba ya gigabaiti 500 kwa 25,000, na kabla sijatoa pesa niliipima kwa smartctl hapo hapo dukani kwa laptopu ya mteja. Nilitazama sekta zilizohamishwa: sifuri. Ingekuwa na hata kumi ningeirudisha. Kisha kuna siri ambayo wengi hawaijui: ext4 hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya mkuu wa mfumo. Kwenye diski ya mfumo hilo ni jambo la maana. Kwenye diski ya vitabu ni gigabaiti 25 zimekaa bure. Amri moja ya tune2fs imezirudisha.

Usiku nimepima tena kwa mita. Wati 12, kama nilivyotarajia.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Wageni, pilau, watoto wamevaa. Sijagusa mashine.

Jumapili, 23 Juni

Raita nimeipata kwa 12,000, TP-Link ya antena mbili. Umeme ukikatika laptopu inaendelea kwa betri yake, lakini raita inazimika, na raita ikizimika seva inabaki inazungumza peke yake. Kwa hiyo nilihitaji betri, na bei ya betri mpya haimo katika bajeti hii.

Leo baada ya alasiri nilikwenda kumwamkia mzee mmoja mwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, hapa Ujiji. Siku hizi vipe haviendi tena na karabai. Taa ni za LED, zinawashwa kwa betri zinazochajiwa kwa sola mchana, na usiku wa giza zinavuta dagaa. Sasa ziwa limefungwa, betri zake zimepangwa stoo, sola imelazwa ukutani.

Nilimwambia, "Mzee wangu, hizi betri zikikaa hivi mpaka Agosti utazikuta zimekufa." Ndivyo zilivyo betri za risasi: zikikaa bila chaji, sulfeti inaganda kwenye sahani zake, na ikishaganda hairudi. Nikamwomba betri moja na sola moja. Mimi nitaziweka zikichajiwa na kufanya kazi kidogo, yeye azipate zikiwa hai, na zile nyingine nitakuwa nakuja kuzichaji kwa zamu.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kazi yenyewe ni nini. Nikamweleza habari za watoto na mitihani. Akasema, "Chukua, fundi. Mjukuu wangu yuko darasa la saba, naye aje asome."

Raita inataka volti 9, betri inatoa 12 na zaidi. Nimeweka kidhibiti cha 7809, kile chenye miguu mitatu, kinachouzwa bei ya soda. Kinachemka kwa sababu volti zinazozidi kinazigeuza joto. Nimekifunga kwa skrubu kwenye kipande cha aluminiamu na sasa unaweza kukigusa. Vidude hivi na waya vimenigharimu 3,500.

Jumamosi, 6 Julai

Shemeji amefika kwa treni kutoka Dar na diski yake ndani ya begi, imefungwa kwenye kanga.

Hapa ndipo palipokuwa na kikwazo kikubwa cha mradi wote, na hakikuwa vifaa. Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha, katika faili moja la Kiwix, inazidi gigabaiti 100. Kwa bando ninalonunua mimi, gigabaiti moja ni kama shilingi 2,000. Faili hilo moja lingenila zaidi ya 200,000, kuliko mashine na kila kilicho ndani yake. Shemeji anafanya kazi mahali penye intaneti ya waya, akaomba ruhusa, akapakua usiku. Kilometa zaidi ya 1,200 za reli zimefanya kwa nauli ya abiria mmoja kile ambacho bando langu lisingeweza. Nasema kwa moyo wote: kwa mtu wa Kigoma, diski ndani ya begi bado ni intaneti yenye kasi na nafuu kuliko zote.

Kilichokuja: Wikipedia ya Kiingereza, Wikipedia ya Kiswahili, majaribio ya sayansi ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado ambayo baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili, programu ya Kolibri na masomo yake ya hisabati, na mitihani ya nyuma ya darasa la saba na kidato cha nne.

Kiwix ilianzishwa 2007 kwa ajili ya watu wasio na mtandao, na kazi yake ni nyepesi ajabu. Unaweka faili la ZIM kwenye diski, unaendesha kiwix-serve, basi. Simu inafungua anwani ya namba, 192.168 na mengineyo, na ensaiklopidia inatokea. Kolibri inataka ramu zaidi, lakini gigabaiti 8 zinaitosha. Nimefurahi kukumbuka kwamba Kolibri hiyo hiyo ndiyo inayofundishia watoto katika kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, kwenye madarasa ya UNHCR na Vodafone Foundation. Kama inawafaa watoto wa wakimbizi kambini, itawafaa na wa Ujiji barazani.

Jumapili, 14 Julai

Wamekuja wenyewe. Kwanza mpwa na wenzake wawili, kisha mjukuu wa mzee wa kipe na dada yake, kisha binti yangu akaleta rafiki zake. Hakuna aliyenunua bando.

Mpwa alikaa na PhET, jaribio la saketi. Shuleni kwao maabara ina vifaa vichache na zamu ni ndefu. Hapa alifunga balbu mbili kwa mfuatano, akaona zimefifia, akazifunga sambamba, zikang'aa. Akauliza, "Mjomba, kwa hiyo nyumba yetu imefungwa sambamba?" Nikamchukua mpaka kwenye kisanduku cha swichi, tukakifungua, akaona mwenyewe. Miaka yote nimekuwa fundi na sijawahi kumweleza mtoto jambo likaingia haraka namna ile.

Binti yangu anapenda Wikipedia ya Kiswahili kwa sababu anasoma bila kuuliza maana. Makala nyingi ni fupi, na ile ya Ujiji inaweza kurefushwa na mtu anayeijua Ujiji. Nimeandika pembeni: tutakapokuwa na bando la kutosha, tuirefushe.

Jumapili, 28 Julai

Jirani mmoja amenishauri niweke muvi zilizotafsiriwa, nitoze mia mbili mia mbili, nitarudisha gharama kwa mwezi. Anasema kweli, pesa ingekuwepo. Vibanda vya kuingiza nyimbo na muvi kwenye flashi vinaishi kwa hilo, na havikosi wateja.

Nimekataa. Muvi si zangu kuuza. Na raita hii ndogo ikibeba simu tano zinazotazama muvi, wa mtihani atakaa anangoja ukurasa. Barazani ni bure kwa wanaosoma, mpaka saa tatu usiku. Mama watoto ameongeza sharti lake: anayekuja asaidie kuchota maji. Wanachota.

Na yeye mwenyewe sasa ana sehemu yake kwenye seva. Daftari lake la wadeni wa dagaa tumeliandika upya katika jedwali, na picha za simu yake zinajinakili kila anapoingia nyumbani. Simu yake ilikuwa imejaa kiasi cha kukataa kupokea ujumbe.

Jumamosi, 10 Agosti

Nakala rudufu. Diski ya mtumba ni diski ya mtumba, iwe imepimwa au haijapimwa. Wikipedia ikipotea itapakuliwa tena. Picha za marehemu mama hazipakuliwi popote. Kwa hiyo picha, madeni na mazoezi ya watoto nimeyanakili kwenye ile diski ndogo iliyokuja na laptopu, na nakala ya pili imekwenda kwa dada yangu anayeishi Gungu. Kila mwisho wa mwezi tutabadilishana.

Kutunza kabla ya kupoteza kumenikumbusha meli ya Liemba, niliyoitazama juzi bandarini Kigoma, imesimama. Wajerumani waliileta kutoka Papenburg vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapa hapa, na Julai 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Nawaheshimu sana mafundi wale wa grisi. Walikuwa wanaipoteza meli, na bado waliitunza.

Mvua za Oktoba zitakuja na radi za ziwani. Kabla ya hapo nataka waya wa ardhi uliokaa sawa, na utaratibu wa kuchomoa kila kitu ngurumo ikisikika. Betri itatosha kwa saa hizo.

Ijumaa, 16 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Kibirizi ni kelele tupu, mama watoto ametoka alfajiri na beseni. Nimempelekea mzee betri na sola yake. Amepima betri zote kwa taa zake, zote zimewaka. Badala yake nimenunua betri ya bodaboda iliyotumika kwa 8,000. Raita inakaa nayo usiku mzima umeme ukiwa haupo.

Jumapili, 25 Agosti

Hesabu ya mwisho. Laptopu 70,000, diski 25,000, raita 12,000, kidhibiti na waya 3,500, betri 8,000. Jumla 118,500. Umeme ni kama shilingi elfu moja kwa mwezi. Mama watoto ameikagua na kukubali.

Usiku huu nimeanza rasimu ya barua kwa ofisi ya elimu ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, na nakala kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Taasisi ina maktaba mtandao ambayo vitabu vya kiada vinasomwa bure, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kila mtoto anayekisoma kitabu hicho kwa simu analipa bando, na kesho akikirudia analipa tena. Ombi langu: vitabu vyote vya msingi na sekondari viwekwe katika faili moja, faili liletwe kwenye diski hadi ofisi ya elimu ya kila wilaya, na shule au mtu yeyote mwenye mashine aruhusiwe kunakili na kuwasomesha wanafunzi bila malipo. Mashine kama hii ya kwangu zimelala stoo katika ofisi nyingi, vioo vimepasuka, zinangoja kuuzwa spea. Zisiuzwe. Zipewe shule.

Darasa la saba wanafanya mtihani tarehe 11 na 12 Septemba. Barua ifike kabla ya hapo.